Nota ya Pili

Jumamosi ya kwanza ya darasa letu niliuliza swali nililodhani ni jepesi: nani alitunga Wimbo wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika?

"Nyerere!" wakajibu watoto wa benchi la mbele, kwa sauti moja kama wanaimba meza ya hesabu. Kijana wa bodaboda, kofia ngumu bado iko kichwani, akasema ni jeshi, maana wao ndio wanaoupiga siku za sherehe. Mama anayeuza zabibu sokoni Majengo akawakata wote: "Serikali. Nani mwingine?" Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuja kwa ajili ya besi na si kwa ajili ya maswali, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta miwani.

Siwacheki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, na kwaya nimefundisha zaidi ya miaka 20. Wimbo ule nimeuimba mstarini tangu darasa la kwanza, nikaja kuusimamia mstarini nikiwa na chaki mfukoni, na siku zote hizo sikuwahi kujiuliza umetoka kwa nani. Kwangu ulikuwa kama kilima cha Mlimwa: kipo, kilikuwepo, hakikuwekwa na mtu.

Jina la mtunzi nililiona siku niliyokuwa natafuta sauti nne za wimbo huo kwa ajili ya mahafali. Mwalimu mwenzangu alinipa karatasi ya sol-fa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi, iliyokwisha kugeuka rangi ya chai, na pale juu, upande wa kulia, kwa herufi ndogo, imeandikwa E. Sontonga. Nikaipeleka kutoa nakala. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko zile za mashine. Kijana wa steshenari akaniuliza, "Mwalimu, tukate wapi?" Nikamwambia kata juu.

Kosa hilo nimelifanya mara nyingi mno. Ingia kwenye kabati la kwaya yoyote, fungua mafaili, utakuta nyimbo kwa makumi hazina jina la mtunzi, au pameandikwa "hajulikani". Hajulikani! Wengine wako hai, wana simu, wanalima alizeti Kongwa. Sisi walimu wa kwaya ndio tuliowafanya wasijulikane, kwa mkasi, na kwa ubahili wa shilingi mia ya ukurasa wa pili. Mwalimu wangu wa kwanza wa kwaya, kule Mpwapwa, alikuwa na madaftari manne ya nyimbo zake mwenyewe. Alipofariki hakuna aliyeyauliza. Yaliuzwa pamoja na magazeti ya zamani, yakaenda kufungia karanga. Nilikuwepo kwenye msiba ule, nimekaa chini ya turubai, nakula wali.

Darasa lilianza bila jina na bila bajeti. Tuliazimwa ukumbi Chang'ombe, wenye bati tupu lisilo na dari, kiasi kwamba mvua ikianza kunyesha mnatazamana tu kama bubu mpaka ipite. Kinanda hatukuwa nacho, na umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Kwa hiyo tukaanza na kitu kisichohitaji waya. Nilichana mfuko wa saruji, nikaugeuza upande msafi, nikachora ngazi kwa mkaa: do chini, re, mi, fa, so, la, ti, do ya juu. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, vipago nikavisogeza karibu, maana pale hatua ni nusu. Mfuko ule tukautundika kwa misumari miwili, na mpaka leo una vumbi la saruji linalokufanya upige chafya ukiusogelea.

Waliosoma muziki wa mistari mitano huidharau sol-fa, huiona ni ya watu wa mashambani. Nami niliwahi kuionea aibu, hasa mbele ya vijana wanaochapa nota zao kwa kompyuta. Siku hizi naitetea kwa mikono miwili. Aliyeanza kuibuni ni mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kwa ajili ya watoto wa shule. Miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaichukua akainyoosha, ili watu wasio na piano nyumbani nao waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaipakia melini pamoja na Biblia. Herufi saba, nukta mbili, mstari wa wima, kistari cha kuvuta sauti. Unaweza kuipiga kwa taipureta. Unaweza kuiandika mchangani kwa kidole, na watoto wangu ndivyo walivyofanya miezi miwili ya mwanzo, nje ya ukumbi, mpaka kuku walipopita juu ya Jumamosi nzima ya kazi.

Sontonga naye alitunga kwa sol-fa, mara nyingi kwenye vipande vya karatasi alivyovipata. Hilo ndilo lililonifanya niseme: huyu ndiye mtu wetu, mwaka huu tumuenzi yeye.

Nikaliharibu jambo siku ya kwanza. Nilichagua tarehe 18 Aprili, siku aliyofariki, nikaandaa mhadhara wa kurasa tisa. Nikaazima projekta. Nikavaa koti. Dakika ya sita umeme ukakatika, na kusema kweli ulinisitiri, kwa sababu nusu ya watoto walikuwa wamelala na nusu wanahesabu popo juu ya bati. Niliendelea kusoma kwa mwanga wa simu mpaka mwisho, kwa ukaidi tu. Wakati tunafunga milango, mama wa zabibu akanisogelea. "Mwalimu," akasema taratibu, "umetusomea wasifu wa marehemu vizuri sana. Msiba wenyewe hatukuuona."

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikakubali.

Kuanzia hapo nikawa nawapa habari za Sontonga kwa vipande vya dakika tano, wakati wa kunywa maji, na kila kipande nakifunga kwenye kitu wanachokijua. Kwamba alizaliwa mnamo 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini, Mxhosa. Kwamba alisomea ualimu Lovedale, na mwaka 1896 akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Kwamba alikuwa mwalimu wa kwaya, na pembeni alikuwa mpiga picha. "Kumbe mwalimu mwenye michongo," akasema kijana wa bodaboda, na tangu siku hiyo akawa anamwita Ticha. Wimbo aliutunga mwaka 1897, akiwa kijana wa miaka 24 hivi: ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Ukaimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, kwenye ibada ya kumbariki mchungaji mmoja. Hakuna aliyejua umezaliwa wimbo wa mataifa. Ulikuwa wimbo wa ibada ya siku ile, kama zile tunazotunga sisi kwa ajili ya uzinduzi wa paa la kanisa na kuzisahau Jumatatu.

Baada ya hapo ulitembea wenyewe. Tarehe 8 Januari 1912, huko Bloemfontein, wajumbe walioanzisha chama ambacho leo ni ANC waliufungia mkutano wao. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliuimba London ukarekodiwa kwenye santuri. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akawa ameuongezea beti saba. Tanganyika ikauchukua kwa uhuru wa 1961, Zambia ikachukua sauti yake 1964, Zimbabwe nayo ikawa nao kwa muda, na Afrika Kusini yenyewe, iliyouzaa, ikaja kuuingiza rasmi katika wimbo wake wa taifa mwishoni kabisa. Hapo mzee wa reli akasema treni hiyo imezunguka vituo vyote ndipo ikarudi ilikotoka.

Lakini alichotaka kujua zaidi mzee huyo ni habari ya pesa. "Alilipwa nini?" Nikamwambia Sontonga alifariki mwaka 1905, hajatimiza hata miaka 35, na inasemekana mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo kwa peni sita. Mzee akacheka kicheko cha mstaafu, kile kisichofika machoni. Daftari la nyimbo zake nyingine nalo liliazimwazimwa mikononi mwa watu mpaka likapotea. Nikataka kuwasimulia habari ya madaftari ya mwalimu wangu wa Mpwapwa na karanga, sauti ikagoma, nikawaambia tuendelee na mazoezi ya sauti ya tatu, tena.

Kilichowashika watoto ni kaburi. Kwa miaka na miaka kaburi la Sontonga halikujulikana lilipo. Watu walipekua vitabu vya makaburi ya Braamfontein wakitafuta herufi S, kumbe karani alimwandika kwa jina la kwanza, Enoch. Alikuwa pale pale muda wote, kwenye E. Lilipopatikana, Mandela alizindua kumbukumbu yake tarehe 24 Septemba 1996. Watoto wakaanza kuulizana wenyewe wameandikwaje kwenye rejista. Binti mmoja wa darasa la sita akasema shuleni ana jina la babu, kliniki ana jina la baba, na kanisani ana jina la ubatizo tu. "Sasa mimi wakinitafuta watanipata wapi?" Sikuwa na jibu. Jumatatu nilifungua rejista yangu mwenyewe na kuanza kurekebisha majina, kazi iliyonichukua mpaka likizo.

(Wapo pia wanaosema Sontonga aliazima mwanzo wa wimbo kutoka Aberystwyth, tenzi ya Joseph Parry wa Wales. Walimu wa kwaya wawili walishikana mashati, kwa maneno, juu ya jambo hilo kwenye ukumbi wetu. Nimezisikiliza zote mbili. Undugu upo, lakini hata mimi nina pua ya mjomba wangu na hakuna anayenidai.)

Sasa nifike kwa Bibi, maana yeye ndiye sababu ya kuandika haya.

Alikuwa anamleta mjukuu wake. Kiti alikikataa, alitandika kanga mlangoni, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha. Akiingia mtu, Bibi anasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na anasubiri aitikiwe vizuri kabla hajamwachia apite. Ni mpigaji wa muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo zinazobanwa katikati ya mapaja, na vidole vyake vimepinda kidogo kwa kazi hiyo ya miaka. Wiki ya tano hivi nilisikia sauti ikitoka mlangoni, nzito, imenyooka, haitetemeki. Nikamwomba asogee ndani. Akasogea, na kanga yake.

Mwanzo wa wimbo ule una nota tisa: do, ti, do, re, mi, mi, re, re, do. Ujaribu taratibu na utaona ile ya pili inashuka nusu hatua tu, kama mtu anayeinama kupita kwenye mlango wa chini, halafu inarudi. Bibi alikuwa anashuka zaidi ya hapo. Kila mara, nota ya pili tu, anashuka kwa kujiamini kabisa, halafu anarudi kwenye do kama hakuna kilichotokea.

Nikamsimamisha. "Bibi, nota ya pili ipandishe kidogo. Do, ti, do."

"Do, ti, do," akasema. Maneno yangu, sauti yake.

Nikaenda kwenye mfuko wa saruji, nikamwonyesha kwa fimbo vile vipago viwili vilivyosogeleana. Akatazama fimbo, akanitazama mimi, akaimba tena. Vile vile. Mara ya tatu nikaimba kwa nguvu, polepole, namna ile tunayotumia walimu kumfundisha mtu tuliyekwisha kuamua kuwa haelewi. Watoto wakacheka. Mjukuu wake hakucheka, alitazama sakafu. Bibi akasimama, akakung'uta kanga, akaikunja mara nne.

Jumamosi mbili hakuonekana, na mjukuu naye hakuja.

Nilipanda daladala mpaka Chamwino na sukari kilo mbili na majani ya chai, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nikamkuta anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta. Nilisema shikamoo yangu, nikakaa kwenye kigoda, nikasema nimekosa. Akaniacha nikae na kosa langu mpaka ungo ulipokwisha. Ndipo akasema, bila ukali, "Mwanangu, mimi nimeimba kabla mama yako hajavunja ungo. Hapo panaposhuka, panashuka. Wewe unapanda kwa sababu umekanyaga mwiba?"

Akamwita mdogo wake. Mzee mfupi, mpole, akatoka na ilimba, lile sanduku la mbao lenye vyuma vingi, na kwenye matundu yake limebandikwa utando wa buibui ili sauti ipate ule mvumo wa nyuki. Nikamwomba apige ngazi tu, chuma kimoja kimoja. Do ilikuwepo. Re ilikuwepo, na mi, na so. Halafu ikaja sauti ambayo si la na si ti. Nikatoa simu, nina programu ya kupimia sauti. Mshale ukatua chini hata ya ile ta ya kinanda (ti iliyoshushwa nusu hatua), kwenye uwazi kati ya vibonye, mahali ambapo kinanda hakina kitu. Nikamwomba arudie. Ikatua pale pale. Bibi akaimba nota yake ya pili. Pale pale.

Nimesoma baadaye, na kama nilivyo mwalimu ilibidi nisome. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Ndani yake kuna ngazi ya sauti nyingine nyembamba, zimepangwa na maumbile yenyewe, na ukiugusa uzi kwa wepesi mahali panapofaa unazisikia: do, mi, so, halafu ile ya saba, ya chini kuliko tuliyoizoea, halafu do na re. Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo. Ndiyo iliyomo kwenye zeze, ndiyo iliyomo kwenye ilimba, ndiyo aliyokuwa nayo Dkt. Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma huyu huyu, alipozunguka dunia akaimba watu wakabaki midomo wazi. Katika zile nota tisa za Sontonga, nane Bibi alikuwa nazo tangu utoto. Moja hakuwa nayo, kwa hiyo mahali pake aliweka ya kwao iliyo karibu. Mimi nilisimama mbele ya watoto na fimbo kumwambia amekosea.

Aliniuliza swali nilipokuwa naaga. "Huyo mtu wenu wa Afrika Kusini, kwao hakuna ngoma?"

Sikujua. Nikarudi nyumbani nikatafuta, na Jumamosi iliyofuata nikampelekea jibu mlangoni, kwenye kanga yake: Waxhosa wana uhadi, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, na muziki wao nao umesimama juu ya zile sauti zinazotoka ndani ya uzi. Sontonga alikulia katika watu hao, kisha akasomea ualimu na kuandika kwa herufi saba za misheni, ambazo hazina nafasi ya kila kitu. Bibi akafikiri. "Basi alikuwa anaijua," akasema, "ila hakupewa pa kuiweka." Ni maneno yake, si yangu, na siwezi kuyathibitisha.

Sherehe tuliihamishia 24 Septemba. Mwezi huo Dodoma ni upepo na vumbi, lakini ni msimu wa zabibu pia, na mama wa Majengo alileta makreti mawili. Tulitandika mikeka uani, bila projekta na bila koti. Tuliamua kuuimba kwa Kixhosa, ubeti ule wa kwanza wa Sontonga mwenyewe, kwa sababu Wimbo wa Taifa una heshima zake na hatukutaka uonekane umechezewa. Matamshi tuliyatoa kwenye rekodi ya Plaatje, ile ya 1923, inayokwaruza kama mahindi kwenye kikaango. Kijana wa bodaboda aliisikiliza njiani wiki nzima, sikio moja, na akawa mwalimu wa matamshi wa kwaya nzima.

Jambo moja hatukulitazamia. Tulipotoa nota tatu za mwanzo, uani pote watu wakasimama. Maneno yalikuwa ya kigeni, hakuna aliyewaambia wasimame, lakini wamama waliweka watoto chini, mikono ikashuka ubavuni, na fundi aliyekuwa anapita na toroli la mchanga akaliacha katikati ya njia akavua kofia. Mzee wa reli alilia, akasema ni vumbi. Waimbaji wa tena walipotea kwenye mstari wa tatu, wakarudi kwenye wa nne. Nilikuwa nimeweka sauti ya kwanza kushoto kwangu, na Bibi katikati yao, na kila tulipofika kwenye nota ya pili nilimsikia yuko kwake, chini kidogo ya wenzake, kama mtu anayetembea pembeni ya njia wakati wengine wanatembea katikati. Nikaendelea kuongoza.

Karatasi za ratiba zilikuwa kurasa mbili. Kijana wa steshenari, yule yule, aliniambia nikipunguza kichwa cha habari zitaenea kwenye mmoja. Nikalipa mbili.

Baada ya hapo Bibi na wenzake wanne walileta muheme. Siwezi kuielezea ngoma ile kwa mtu ambaye haijampitia kifuani, na sijaribu. Lakini Jumamosi iliyofuata watoto walitaka kuiandika, na hapo ndipo mfuko wa saruji uliposhindwa. Tulibishana saa nzima ile sauti ya saba iandikwe vipi. Mmoja alitaka herufi mpya kabisa. Binti wa darasa la sita akaandika t, kisha juu yake akachora mshale mdogo unaotazama chini. Tukaupokea. Sasa kwenye madaftari yao kuna t za kawaida na t za mshale, na wanazisoma zote mbili bila kujikwaa, jambo ambalo mimi bado linanipa shida.

Wimbo ulipokamilika, sauti tatu na ngoma zake, binti aliacha nafasi pale juu kulia, akamgeukia Bibi. "Tuandike jina lako?"

Bibi akakataa. Si wimbo wake. Alifundishwa na mwanamke mmoja, alipokuwa mdogo, wakati wa kuchezwa. Ni yeye aliyeutunga, wanawake wote wa rika lake walijua. Jina lake nani? Bibi akafungua mdomo, akaufunga. Walikuwa wakimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, kama tunavyowaita wote. La kwake mwenyewe hakuwahi kulisikia likitajwa.

Ile nafasi bado ipo, na hatujaandika "hajulikani". Bibi amekuwa akiuliza, kila msiba na kila harusi anayokwenda. Juzi usiku alinipigia, simu inakatikakatika kwa upepo. Amempata mzee wa vijiji vya upande wa Mvumi anayemkumbuka baba yake yule mwanamke, jina kamili na boma lilipokuwa. "La kwake bado," akasema. "Kuna shangazi yao mmoja Hombolo. Nakwenda Alhamisi."